Nyumbani Kwetu Atasemeshwa Vizuri

Kicukiro, Kigali,
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo Gaju,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limekubali kupumzika angalau kiangazi hiki. Je, kahawa mmeanza kuchuma? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anakaribia kuzaa, kazaa salama? Huku kwetu vumbi limeshaanza, tunafagia asubuhi na jioni kana kwamba jana hatukufagia. Afya yangu ni nzuri, namshukuru Mungu. Macho tu ndiyo yanataka miwani mipya, kwa hiyo ukiona mistari imepinda usidhani mkono umezeeka.

Ihirwe, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama kwa sauti. Habari za siku nyingi? Tafadhali usome polepole, na mama akikukatiza kuuliza, mjibu kwanza ndipo uendelee. Barua ni ndefu.

Mama Mdogo, kwenye simu uliniuliza, "Nani alitusemea siku ya posa?" Nikakujibu ni Norman. Ukauliza, "Norman yupi?" Nikapaza sauti mpaka majirani wote wakajua habari zetu, na bado ukauliza Norman yupi. Sikukulaumu. Hata mimi niliyekuwa nimekaa pale, nikimwona kwa macho yangu, nilijiuliza Norman yupi huyu. Ndiyo maana nimeona niandike. Rafiki yangu Kaliza anasafiri kesho kupitia mpaka wa Rusumo, atakuletea mkononi.

Ni Norman wetu. Kaka yangu, mtoto wa dada yako, uliyemlea wewe mwenyewe hapo Karagwe.

Nianze nyuma kidogo. Unajua tunaishi ua mmoja, milango yetu inatazamana. Basi kuna jambo moja lilikuwa likinisumbua akili tangu zamani. Norman wa dukani na Norman wa nyumbani walikuwa watu wawili. Dukani kwake pale Sonatubes, katikati ya mabomba na koki na matangi ya maji, ni msemaji. Madereva wa pikipiki wanapita kumsalimu hata kama hawanunui kitu. Anawasimulia habari za Karagwe kwa Kiswahili, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Akifika nyumbani anasalimu, anakula, anatikisa kichwa kwa ndiyo, anatikisa kichwa kwa hapana. Nilikuwa najiuliza, maneno yake anayaacha wapi? Anayafungia dukani pamoja na koki?

Jibu lilikuwa karibu, lakini nilichelewa kuliona kwa sababu nampenda wifi yangu. Kabagwira, mkewe, ni mwalimu wa Kinyarwanda shule ya sekondari, na ni mwalimu mzuri. Kinyarwanda chake kimenyooka kama uzi. Sisi cha kwetu unakijua: kimechanganyika na Kinyambo cha hapo Karagwe na Kiswahili, herufi zinapishana, sauti inapanda pale inapotakiwa kushuka. Kabagwira husahihisha kama watu wengine wanavyokohoa. Hakusudii. Norman akifungua mdomo aseme "leo kule dukani," kabla hajafika dukani ameshasahihishwa mara mbili. Mtu akikatizwa kila siku mwisho anaona heri anyamaze.

Sasa ikaja Kwaresima. Mchungaji wetu, Mama Uwimana, alitukusanya akina mama akasema mwaka huu tusifunge nyama tu, tufunge na ulimi. Kila mmoja achague mtu mmoja wa karibu, na kila siku amwambie neno moja jema, la kweli, la kumjenga. Alisema Mungu aliumba kwa kusema, nasi ametupa vinywa tujenge navyo, na kwamba wengi wetu ni wapole kanisani halafu tunabomoa jikoni.

Mimi, unavyonijua kwa kuuliza, niliinua mkono. "Na kama ukitazama usione jema?"

"Tazama tena," akasema, akaendelea na tangazo la usafi wa kanisa.

Nilirudi nyumbani na Kabagwira. Tulipofika getini akaniambia, "Wifi, nimemchagua Norman. Lakini nimekuwa nikitafuta la kumwambia tangu kanisani, na sijalipata. Si kwamba hana jema. Analo, tena mengi. Ila sijui linatamkwaje."

Mama Mdogo, maneno hayo yalinishangaza. Mwalimu wa lugha hajui linatamkwaje!

Jioni ile nilikuwa kwao kuchukua chumvi. Norman ameingia, amekaa, sahani iko mbele yake. Kabagwira akasimama katikati ya sebule, mikono nyuma kama mwanafunzi anayekariri, akasema, "Norman, leo umeegesha gari vizuri."

Norman akaacha kijiko. Akamtazama. Akasimama, akatoka nje na tochi ya simu, akalizunguka gari zima akitafuta palipokwaruzwa. Aliporudi akaniuliza pembeni, "Annah, wifi yako anaumwa?"

Nilicheka mpaka chumvi ikamwagika. Lakini nilipolala nilifikiri, mtu amekaa na mkewe miaka yote hiyo, akisikia sifa anakwenda kutafuta mkwaruzo. Kwa nini? Ni lini tulizoea hivyo?

Siku zilizofuata Kabagwira hakukata tamaa. Alimsifu kwa viatu. Alimsifu kwa kuamka mapema. Norman alipokea kila sifa kama mtu anayepewa zawadi asiyojua ataombwa nini baadaye. Mimi nikapata wazo. Siku moja ya Jumamosi nikamwambia wifi anisindikize Sonatubes nikanunue koki ya sinki. Hakuwa mtu wa kwenda dukani kwa mumewe, alisema kule ni kelele na Kiswahili tu, na Kiswahili hakukipenda.

Tulipofika, Norman alikuwa na mteja aliyekuja amefura, koki yake inavuja, anatukana kiwanda na duka na siku aliyozaliwa. Tukasimama nyuma ya matangi, hakutuona. Norman akamwacha mteja amalize matusi yote. Kisha akamwambia kwa upole, "Pole sana, ndugu yangu. Maji yakikusumbua nyumbani hata chakula hakinogi. Hebu tuitazame pamoja." Akaifungua, akamwonyesha, na wakati anairekebisha akaanza kumsimulia habari ya mbuzi wako, yule aliyeingia kanisani siku ya kipaimara. Ukiikumbuka habari ile, Mama Mdogo, basi ujue huku inasimuliwa! Yule mteja alitoka akicheka, amempigia Norman saluti.

Nikamtazama wifi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tangi kama anayehesabu mapigo yake. Tulirudi bila koki.

Ndani ya gari akaniuliza, "Ile habari ya mbuzi, unaijua?"

"Naijua."

"Mimi siijui. Nimeolewa naye watoto wakakua wakaondoka, na siijui." Tukakaa kwenye foleni. Kisha akasema mwenyewe, "Huwa namkatiza kabla mbuzi hajafika kanisani."

Kuanzia hapo alibadilika kwa namna nyingine. Aliacha kutafuta sifa, akaanza kumngoja. Norman akianza kusema, yeye anakaa juu ya mikono yake, kweli kabisa, anaikalia. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka mlangoni kwangu kama mtu anayeangalia mbegu aliyopanda jana.

Baada ya Pasaka ndipo jambo kubwa likatufikia. Mwanangu Frederick alikuwa ameshapanga siku ya posa kwa kina Kayitesi, mchumba wake. Ihirwe, wewe uliyezaliwa huko hujaona gusaba yetu inavyofanyika siku hizi, nikueleze. Familia mbili zinakaa chini ya mahema mawili yanayotazamana. Kila upande una msemaji wake. Wa upande wa bwana harusi huomba mchumba, wa upande wa binti hukataa, huzungusha, humtania, humtega kwa maneno ya kale ya ng'ombe na nasaba, na umati unacheka na kupiga makofi. Kila mtu anajua mwishoni binti atatolewa. Lakini msemaji wako akishindwa, familia yako itachekwa mpaka wajukuu.

Baba yake Frederick hayupo, Mungu amweke pema. Aliyekuwa aseme ni mdogo wa marehemu, Nsengiyumva, naye akaugua mgongo akalazwa, daktari akamkataza hata kuketi. Watu wakatushauri tukodi msemaji, wako wengi mjini wanaoishi kwa kazi hiyo. Frederick akakataa.

"Mama, sitaki mtu anisemee ambaye hanijui," akaniambia. "Namtaka mjomba."

"Mjomba wako nyumbani hamalizi hata kuomba maji," nikamwambia.

"Mimi amenisemesha tangu utoto," akasema. Hakuongeza neno.

Norman alipoambiwa, aliuliza kwanza atasimama na nani. Upande wa pili, msemaji wao alikuwa Mzee Rugamba wa Gisozi, muuza vitanda. Huyo jina lake linajulikana. Ana ulimi kama randa, akikupitia mara moja maganda yanaruka. Lakini Norman akasema, "Kama mtoto amesema ni mimi, ni mimi."

Wakaanza mazoezi na Kabagwira. Nani mwingine angemfundisha? Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Anamwacha aseme mpaka mwisho, anamwambia kwanza palipopendeza, kisha anamuuliza, "Nikuonyeshe pa kunyoosha?" Norman anakubali. Nilimsikia sauti ikitoka mpaka uani, nikamshukuru Mungu.

Halafu Jumapili moja mchana pakaharibika. Norman alikuwa anafanya sehemu ya kuisifu familia ya binti. Ihirwe, unajua neno *umuryango*: sauti ikiwa hivi ni familia, ikiwa vile ni mlango wa nyumba. Akasema kwa nguvu na kwa moyo wote kwamba tumetoka mbali, tumevutiwa na sifa za mlango wenu, tunaomba kuunganishwa na mlango wenu milele.

Kabagwira alicheka. Alijaribu kuzuia ikashindikana, akacheka mpaka machozi, akasema, "Basi watakupa bawaba!"

Norman alichukua kofia yake akatoka. Jioni akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tafuteni mtu mwingine." Alirudi kuwa yule wa kutikisa kichwa. Na siku zilikuwa zimebaki chache.

Kabagwira alilia. Nilikaa naye. Sikumwambia kitu, maana angenisikia kama namsahihisha. Yeye mwenyewe akawa anarudia, "Nilifunga ulimi Kwaresima nzima, umenifungukia siku moja."

Kesho yake akavaa nguo zake za shule, akapanda pikipiki, akashuka dukani Sonatubes. Mimi nilikuwa huko tayari, nilikwenda kumbembeleza Norman. Duka limejaa, mafundi, madereva, kina mama wa koki. Akasimama mbele ya kaunta. Na akaanza kusema Kiswahili.

Mama Mdogo, Kabagwira! Kiswahili ambacho hajawahi kukisema mbele ya mtu!

"Norman, mimi iko nakuja kuomba musamaha. Ile siku mimi nilicheka wewe. Si muzuri. Mbele ya Mungu si muzuri. Wewe iko mwanaume ya... ya..."

Neno likampotea. Dereva mmoja akataka kumsaidia, akasema, "Ya nguvu, mama?" Norman akainua mkono. "Mwache amalize," akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Taratibu. Nakusikia."

Kabagwira akapumua. "Mwanaume ya roho muzuri. Na sauti yako mimi napenda. Nataka watu wote asikie."

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na makosa katika kila neno, na hakuna aliyecheka. Norman alizunguka kaunta akamshika mkono, akasema, "Tumeelewana." Mafundi ndio walioanza kupiga makofi.

Njiani wifi aliniambia kitu nimekiweka moyoni. Alisema, "Nimesahihisha watu maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza kujua inavyokuwa mtu akikungoja."

Basi siku ikafika. Mahema yamepambwa, kina Kayitesi wamejipanga upande wao, sisi wetu. Mzee Rugamba amekaa mbele, fimbo mikononi, mfupi kuliko nilivyofikiri. Nitakutafsiria maneno yao kwa Kiswahili.

Norman akasimama akasalimu vizuri. Rugamba akamwacha amalize, kisha akainamisha sikio. "Wageni nawaona," akasema, "lakini sauti hii inanitatiza. Naisikia ina maji ya ng'ambo ya mto Akagera. Mna hakika hamkupotea njia?"

Watu wakaangua kicheko. Norman naye akatabasamu, akasema, "Ni kweli, mzee, maji hayo nimeyanywa. Na ng'ombe tuliokuja nao waliyanywa hayohayo. Lakini tulieni, hamtawasikia wakilia kwa lafudhi."

Mahema yote mawili yalicheka, na safari hii walicheka pamoja naye. Rugamba mwenyewe mabega yalitikisika. Nikasema moyoni, Bwana asifiwe, tumevuka.

Hatukuwa tumevuka. Rugamba alianza kuchimba. Akaingia katika maneno ya kale ya ng'ombe, yale ambayo hata wasomi wanayatafuta, akamtega kwa hili na lile. Norman akajibu la kwanza, akajibu la pili. La tatu akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Nikasikia turubai la hema likipigwa na upepo. Huko nyuma kijana akaanza kicheko cha puani. Norman akageuza uso kututazama sisi wanawake, akamtafuta Kabagwira. Miaka yote alikuwa akimtazama hivyo na kukuta midomo yake tayari inalitamka neno sahihi. Nami nikamtazama. Wifi yangu alikuwa amemkazia macho tu, amefumba kinywa, analia bila kujifuta. Alimtazama kama unavyomtazama mtu unayejua atafika.

Norman akamgeukia Rugamba. Akasema kwa Kinyarwanda chetu, cha kwetu kabisa, cha jikoni kwako:

"Mzee, maneno yangu yameishia hapa. Nilikuwa na mengine, yamenipotea. Lakini mtoto wetu hajapotea, yule pale amekaa. Nimekuwa naye tangu baba yake alipotutoka. Sijawahi kumsikia akimdhalilisha mtu kwa mdomo wake. Sina ufundi wa kuahidi makubwa. Naahidi moja tu, na Mungu ananisikia. Mkitupa Kayitesi, nyumbani kwetu atasemeshwa vizuri."

Akakaa.

Mzee Rugamba, ambaye watu wanasema hajawahi kukosa la kujibu, alikaa akiitazama fimbo yake. Tukangoja. Mama yake Kayitesi alikuwa ameshika mdomo. Hatimaye mzee akanyanyuka, akasema maneno mawili: "*Uvuze neza.*" Umesema vema. Akawaashiria vijana walete kinywaji, na binti akatolewa.

Watu wengine walinung'unika. Walikuja kuona mchezo mrefu, ukakatwa katikati! Mimi nilikuwa nacheza na kupiga vigelegele, lakini swali lilikuwa limeniingia na halikutoka. Kwa nini yule mzee alinyamaza? Alimhurumia Norman? Alichoka? Au kuna kingine?

Unanijua. Baada ya harusi nilikwenda Gisozi, kwa kisingizio cha kuchagua kitanda cha maharusi, ingawa kitanda tulikihitaji kweli. Kule Agakiriro, soko la maseremala, ni mashine na vumbi la mbao, mtu unaongea na jirani kwa kelele. Nikampata mzee amevaa miwani ya kazi, anapiga msasa ubao wa kichwani. Tukapigia kelele bei na aina ya mbao. Kisha nikapaza sauti, "Mzee, kwa nini siku ile ulinyamaza?"

"Nini?"

"Kwa nini ulinyamaza Norman alipokwama?"

Akazima mashine. Akavua miwani. Alikuwa na uso mwingine bila ile fimbo.

"Nilikuwa na mengi ya kumwambia," akasema. "Nilikuja na gunia zima. Aliposema lile nikalitafuta la kumjibu, nikakuta yote niliyobeba ni ya mtu aliyekuja kupigana."

Nikadhani amemaliza. Akapangusa vumbi kwenye ubao kwa mkono.

"Nimetoa mabinti wengi, mama. Watu huniahidi ng'ombe, nyumba, safari za ndege. Wa kwangu mwenyewe nilimtoa kwa maneno matamu watu wakayakumbuka mwaka mzima. Amerudi nyumbani. Watu wananiuliza, alipigwa? Hakupigwa. Alilala njaa? Hakulala njaa. Alikuwa anasemeshwa vibaya, asubuhi mpaka jioni, mpaka akasahau anavyocheka. Siku namtoa sikukumbuka kuuliza hilo. Kaka yako amelisema kabla hajaulizwa. Ningemjibu nini?"

Nikamwambia tu kwamba binti yake ana baba anayemjali, na kwamba natamani kumsikia akicheka. Akatikisa kichwa, akawasha mashine. Kitanda kililetwa Jumatano, na ni kizuri mno. Nimemwomba Mama Uwimana amtembelee binti yule, nami nitakwenda naye.

Sasa unataka kujua nyumbani wakoje. Usidhani wifi amekuwa malaika. Jana tu amenisahihisha ujumbe wa simu, na ujumbe wenyewe ulikuwa wa kumwambia mkaa umefika. Lakini kule shuleni ameanza kuwaandikia wanafunzi kwanza palipo pazuri, ndipo makosa, na anasema kazi inachukua muda mara mbili maana makosa yanaonekana yenyewe, mazuri unayatafuta. Norman naye anasema mezani. Wakati mwingine anasema mpaka chakula kinapoa, na nimemwona Kabagwira akitazama saa kwa siri. Frederick na Kayitesi wanakuja Jumapili baada ya ibada, nyumba inakuwa na kelele. Bado sielewi vizuri jambo hili, Mama Mdogo. Neno halina uzito, huwezi kulishika, na limemfungua mtu mzima aliyefungwa miaka. Nadhani ndiyo maana Mungu anajali tunayoyasema.

Nina neno la mwisho, na Ihirwe, hapa usiruke hata kama mama atakwambia inatosha.

Mama Mdogo, mtu niliyemchagua mimi Kwaresima ile alikuwa jirani yangu, na nilijitahidi. Lakini nilipokuwa nikiandika barua hii nimegundua kuna mtu sijamwambia. Tulipokuwa watoto kwako, kila aliyebisha hodi, awe ndugu au mpita njia, mchana wa jua au sufuria ikiwa imeshaoshwa, wewe ulimfungulia ukamwambia, "Umekuja wakati mzuri." Mimi niliamini. Nilidhani nyumba yetu ina bahati ya ajabu, kwamba watu wote duniani hufika kwako wakati mzuri. Nilikuwa mkubwa, nina nyumba yangu na wageni wangu wa ghafla, ndipo nilipoelewa kwamba wakati haukuwa mzuri hata kidogo, na kwamba ulikuwa unaufanya mzuri kwa kusema.

Hata sisi ulituambia hivyo, siku tuliyofika kwako bila mama, Norman akiwa ameshika sketi yangu. Ulitufungulia, ukasema tumekuja wakati mzuri. Asante. Hilo ndilo neno langu kwako, na ni la kweli.

Norman na Kabagwira wanakusalimu sana. Frederick na Kayitesi wanaomba baraka zako. Nsengiyumva ameanza kuketi kitandani na anakutumia salamu. Nisalimie shemeji yangu mume wa Ihirwe, watoto wote, na majirani wa bondeni.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akutunzie goti na masikio, na asikupunguzie wageni.

Ni mimi, mwana wa dada yako, nikupendaye leo kama siku ile mlangoni,

Annah